Ng'ombe wa Muungwana

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Nimebeba ngao na panga za mbao kutoka stendi ya Nyabugogo mpaka uwanja mmoja wa Ndera. Mzigo wa watu wazima wanaocheza! Watu wa ofisini, kiongozi wao Kenny. Kila Jumamosi wanajifanya waungwana wa ufalme walioutunga wenyewe. Kenny akanieleza sheria: muungwana haulizi bei wala hagusi pesa, anayeuza hula nje ya hema. Moyo ukaruka. Mteja asiyeuliza bei! Kwetu mkoani Ngozi huyo hajazaliwa.

Ijumaa, tarehe 13
Nimeweka rehani kizibao changu cha ushirika kwa Damascène, Mrundi mwenzangu na adui yangu. Karani ngufu, yaani mbeba mizigo, asiye na kizibao hafukuzwi stendi, anakimbizwa. Nisipokikomboa ifikapo Jumapili ya tarehe 22, kimekwenda. Shida iko wapi? Kwa pesa hizo nimepata nyama ya mbuzi, kesho nawauzia waungwana mishikaki. Damascène eti atauza maji huko huko Ndera. Mchuuzi tu.

Jumamosi, tarehe 14
Mishikaki imekwisha. Hakuna aliyeuliza bei, nikaitaja mwenyewe. Wakageuza nyuso! Utadhani nimemtukania mtu mama. Natacha, malkia wao, siku nyingine mtu wa benki, akaniambia nichague: nilipwe kama mchuuzi, nitokee nyuma, au nyama iwe zawadi, niketi hemani, nami nipewe ng'ombe. Ng'ombe! Kwetu mtu hatamki ng'ombe mbele ya watu kwa utani. Nikapiga goti. Upanga begani. Bwana Audace wa Nyabugogo!
Damascène alilipwa maji yake nyuma ya hema. Akanikonyeza. Mshamba.

Jumatano, tarehe 18
Nimenunua kamba. Nimekata majani bondeni, nimeyarundika chumbani kwangu Rwezamenyo. Mama Yasmina, mwenye nyumba, akauliza kama siku hizi nalala zizini. Nikamwambia ashushe sauti, anasema na muungwana. Akajibu basi muungwana alipe kodi. Wachuuzi wamejaa kila mahali.

Jumamosi, tarehe 21
Nimekabidhiwa ng'ombe wangu, kwa tarumbeta. Wa mbao. Anaenea kiganjani.
Wakamwimbia sifa zake, nami nimesimama na kamba mkononi. Nikasema ng'ombe wa kwetu ana maziwa. Kenny akanijibu kwa upole kwamba muungwana hapimi zawadi. Makofi!
Nimerudi kwa miguu. Wao Jumatatu wanarudi kwenye mishahara. Kudharau pesa kunataka uwe nazo kwanza.

Jumapili, tarehe 22
Kizibao kimekwenda. Damascène kamvisha binamu yake. Hata hivyo akaniita kaka, akasema maji ya Ndera yamemlipa vizuri, nije kesho tubebe nyanya, atanitafutia kizibao cha kuazima kwa nusu ya ujira. Akauliza pia kama ng'ombe amekwisha kuzaa.
Nusu! Bwana mzima!
Nimefikiri mchana kutwa. Kesho, mbele ya makarani wote, namfanya Damascène muungwana. Muungwana hagusi pesa. Atanirudishia kizibao kama zawadi, kwa aibu tu.
Upanga wa mbao nimeshauchonga na kuupiga msasa.