Nibu, Utomvu na Suruali ya Mzee Asajile

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua. Siku ya kumi na moja mfululizo. Leo sijali, maana nina kalamu.

Si hizi peni za dukani. Kalamu ya nibu! Ile ya kujazwa wino tumboni kama chemli inavyojazwa mafuta. Nilinunua koti la mtumba Tukuyu mjini kwa ajili ya baridi, nikatia mkono mfuko wa ndani, nikaikuta imelala. Nyeusi, ina pete ya dhahabu. Esnath, mke wangu, anasema ni shaba. Esnath hana jicho la vitu. Chupa ya wino wa bluu nilimwagiza kondakta wa gari la Mbeya, imefika leo.

Raha yake haielezeki, ila nitaieleza. Hukandamizi. Unaigusisha karatasi tu, inateremka yenyewe. Ukipandisha, mstari unakuwa mwembamba. Ukishusha, unanenepa. Mkono hauumi kabisa. Tangu asubuhi nimeandika orodha ya mbolea, orodha ya wadudu wa parachichi, na majina ya kuku wote. Nimechora mgomba, jembe, na Esnath akiwa amesinzia mdomo wazi. Ameiona. Amesema nikimchora tena nitakwenda kula kwa Boazi.

Boazi ni kaka yake. Ana stesheneri pale Msasani ya hapa Tukuyu, printa moja, na majivuno ya printa kumi.

Mchana amekuja Jairo, mtoto wa marehemu kaka yangu. Anataka kuoa. Binti ni Happy, nesi, kwao Masoko, na wanasubiri barua ya posa. Tena haraka. Kuna afisa mmoja mwenye gari jeupe kaonekana pale mara mbili, na si mtu wa kufuata kahawa. Jairo hana gari. Ana baba mdogo. Nimemwambia atulie, barua itaandikwa kwa kalamu hii na wakwe watatokwa machozi.

Boazi, ambaye ndiye mshenga, akasema ichapwe kwake, yenye maua pembeni. Nikamuuliza kama tunaposa au tunaalika watu semina. Esnath akaamua: niandike mimi, apeleke Boazi. Nimeshinda!

Jumatano, 7 Mei

Barua tayari. Nimeiandika mara sita. Ya kwanza doa. Ya pili doa. Ya tatu kuku alipita juu. Ya nne na ya tano sitaki kuzizungumzia. Ya sita, jamani! "Yah: Kuomba Uchumba" ina mkia unaozunguka hadi ukingoni. Juu kabisa nimechora tawi la parachichi lenye matunda mawili yamegusana. Mwenye akili ataelewa.

Boazi kaleta jalada la plastiki la kuibebea. Lina stika ya duka lake na namba ya simu. Kwenye posa! Nimelikataa. Barua imekwenda kwenye bahasha ya kaki, kifuani kwake, juu ya bodaboda. Wakati anaondoka zilikuwa rasharasha tu.

Alhamisi, 8 Mei

Hazikubaki rasharasha.

Boazi amerudi na kusimulia, na amesimulia vizuri mno kwa mtu anayedai ana huzuni. Mzee Asajile, baba yake Happy, alikusanya ndugu zake, akafungua bahasha, akatoa karatasi ya bluu. Bluu yote, mbele na nyuma. Maneno yameogelea. Neno moja tu lilibaki linasomeka: "ng'ombe". Mzee akauliza kama hii ni barua au kitambaa cha sare za shule. Kisha akasema kwa kuwa neno lililobaki ni zuri, hasa wakiwa wanane, anatupa nafasi nyingine, Jumamosi tarehe 17. Na mwandishi aje mwenyewe kujieleza. Tukishindwa tena, tusimsumbue. Wapo watu wenye magari.

Jairo alikaa jikoni akitazama moto. Iliniuma, nakiri. Nimemlea tangu ana miaka tisa na hajawahi kuniomba jambo kubwa zaidi ya hili.

Boazi akasema, bila kuulizwa, kwamba kazi za printa yake hazichujuki.

Jumapili, 11 Mei

Nimepata ufunuo kanisani, katikati ya matangazo!

Nilikuwa nalitazama shati langu jeupe. Lina doa la kahawia kifuani, la utomvu wa mgomba, tangu nilipobeba mkungu wa ndizi siku ya harusi ya Boazi. Esnath amelifua kwa sabuni ya mche, kwa dawa ya madoa, kwa maombi. Lipo tu. Mvua gani ya Rungwe itatoa utomvu wa mgomba? Na ni nani katika wilaya hii nzima, yenye migomba kuliko watu, aliyewahi kufikiria kuutia kwenye kalamu? Hakuna. Mimi tu.

Nilitoka kabla ya baraka. Mzee wa kanisa alinitazama vibaya. Atanielewa baadaye.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekata mgomba. Nimekinga utomvu kwenye kikombe, nimeuchuja kwa chujio la chai la Esnath (nitamnunulia jingine), nimejaza kalamu. Karatasi nene zilikuwa zimebaki mbili. Moja kuku kaipitia. Kwa hiyo moja.

Nikaandika "Yah". Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna! Ni kama kuandika kwa mate.

Nilikasirika. Lakini nibu ilikuwa inateleza vizuri ajabu, nikaona haya kuisimamisha. Basi nikachora bila kuona ninachochora. Nikamchora Mzee Asajile kama nilivyomwona siku ya mnada: suruali imepandishwa hadi kwapani, mkanda chini ya kidevu, masikio kama majani ya magimbi. Chini nikaandika: "Huyu anataka ng'ombe wanane. Suruali yake peke yake inatosha kuwafunika wote." Kando nikamchora Boazi, jogoo mwenye mwavuli. Roho ikatulia. Karatasi ikabaki nyeupe pe, kama haijaguswa.

Karatasi nzuri haitupwi. Nikasuuza kalamu kwa maji ya moto, nikarudisha wino wa bluu, nikageuza upande wa pili, nikaandika barua yote palepale. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Kuhusu mvua nimekubali yaishe: bahasha, gundi, na mifuko mitatu ya nailoni iliyofungwa kwa moto wa mshumaa. Hata mimi siwezi kuifungua tena.

Esnath ameuliza ule utomvu nimeupeleka wapi. Akaanza kunieleza kwamba utomvu una tabia yake, kwamba mtu akidhani umeisha ndipo... Nikamkatiza. Nimemwambia mambo ya wino aniachie.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudi. Nitaandika kwa utaratibu.

Sebule ya Mzee Asajile. Ndugu kumi na wanne, chai ya maziwa, ndizi za kuchoma. Mzee ameketi jirani yangu kwenye kiti kikubwa, mkanda wake palepale. Nilipiga salamu ya "mugonile" kwa kila mmoja, nikiwa nimeinama mpaka kiuno kikalia. Nikaomba radhi kwa barua ya kwanza. Walipokea vizuri. Nikaanza hata kufurahia ndizi.

Boazi akakabidhi kifurushi. Nailoni zilichukua muda mrefu hadi kikaletwa kisu cha jikoni. Kisha mdogo wake Mzee, ambaye ni mwinjilisti, akasimama mbele yetu kuisoma. Akaiinua juu mbele ya uso wake kama kitabu cha nyimbo, na mgongo wa karatasi ukatugeukia sisi sote.

Wazo langu la kwanza: nani amechora vizuri hivi? Mistari ina uhai! Kahawia iliyokolea, imekauka vizuri, haina doa hata moja.

Halafu nikamwona jogoo mwenye mwavuli.

Mwinjilisti alikuwa anasoma kwamba tumevutwa na heshima na hekima ya nyumba hii. Upande wetu, heshima na hekima zilikuwa na masikio ya magimbi. Mtu mmoja alipaliwa na chai. Mwinjilisti akadhani maneno yamewagusa, akaongeza sauti. Boazi akaninong'oneza kwamba yule jogoo anamfahamu. Jairo aliinamisha kichwa mpaka magotini. Mzee Asajile aliitazama picha bila kupepesa, tangu salamu hadi sahihi yangu.

Mvua juu ya bati tu. Nilimtazama Jairo, shingo imeinama vile, nikajua nimemharibia maisha kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Ndipo Bibi Atuganile, mama yake Mzee, akanyoosha mkono. Ni kikongwe ambaye hapokei kitu mpaka akigeuze mbele na nyuma, hata ndizi ya kuchoma aliigeuza. Akageuza karatasi mbele. Akageuza nyuma. Akainusa. Akasema huu ni utomvu, na mtu mzima aliyezaliwa kwenye migomba anajua kwamba utomvu leo hauonekani, kesho ndio unajitokeza. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu," akaniambia. "Miaka ishirini namwambia huyu ashushe suruali, hasikii. Wewe umemwambia mara moja tu."

Nyumba nzima ikapasuka. Happy alikuwa mlangoni na sinia, chai yote ikaenda sakafuni. Mzee hakucheka. Lakini nilikuwa karibu naye, niliona: mkono wake ulishuka taratibu ukavuta mkanda chini, kidogo tu.

Hukumu ikatolewa. Posa haijakataliwa wala haijakubaliwa. Nimchore upya, picha ya heshima, suruali mahali pake. Ipelekwe Jumapili ya tarehe 25, Bibi aikague kwanza. Akiridhika, Mzee atatoa jibu siku hiyohiyo.

Njia nzima Boazi alinitangulia hatua kumi. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Jumamosi, 24 Mei

Picha imekamilika! Nimeichora kutoka kwenye picha ya simu ya Jairo, siku sita, nibu ikikwamakwama kwa mabaki ya utomvu. Mzee ameketi, mkanda kiunoni, masikio nimeyapunguza nusu. Nyuma yake mibuni, na nyuma ya mibuni ziwa. Esnath amesema imependeza. Nimemwomba arudie, akakataa.

Jairo aliitazama muda mrefu. Kisha akaushika mkono wangu wa kalamu, akasema asante, baba. Si baba mdogo. Baba. Nikatoka nje kukagua kuku.

Nimejifunza mengi. Sitagusa utomvu tena maishani mwangu. Mtu mwenye akili harudii kosa.

Ila kuhusu kule kukwama, leo nimegundua dawa! Kokwa la parachichi. Unalitwanga, unaliloweka, unachuja (chujio jipya la Esnath ni zuri zaidi), unapata maji meupe kama ya mchele. Unajaza kalamu, unaandika mpaka itiririke. Nilihitaji mahali pa kuitiririshia. Karatasi nyingine sikuwa nayo, nikatumia mgongo wa picha.

Imefunguka! Inateleza kuliko siku ya kwanza. Na kwa kuwa inateleza hivyo, mkono nao haukutaka kukaa bure. Nikaandika kwamba suruali imeshushwa kwa ajili ya picha tu, mwenyewe bado anafunga mkanda shingoni. Nikamchora tena jogoo, safari hii mwavuli umepeperuka, analowa. Roho burudani. Nilisubiri dakika tano nzima, maana siku hizi mimi ni mwangalifu. Hakuna kilichoonekana. Nyeupe pe.

Boazi amekuja kuichukua na tumepatana kabisa. Ataipitisha kwenye mashine yake aifunge plastiki pande zote mbili, ili mvua isiiguse na mtu yeyote asiweze kuifuta milele. Nimemsifu. Ni wazo zuri la kwanza kutoka kwenye duka lile.

Esnath anauliza kwa nini vidole vyangu vimeanza kuwa vyekundu. Nimemwambia mambo ya wino aniachie.