Picha Alizoziona Dokta

Kompyuta nzima ikiingia dukani kwa Dokta, fundi kompyuta wa mtaa wetu, ilitoka mgonjwa. Msidhani ilikuwa bahati mbaya, jamani. Ilikuwa kazi, na aliifanya kwa moyo wote.

Diski ni kama nyumba: mtu huigawa vyumba, ambavyo mafundi huviita patisheni, hiki cha barua, hiki cha picha. Dokta alikuwa na programu ya kujenga na kubomoa kuta hizo, na ya kutafuta vyumba vilivyopotea. Chombo cha heshima kabisa! Yeye alikitumia kung'oa mlango mmoja mteja akigeuka. Vitu vilibaki ndani salama salimini, ila havionekani. Kisha aliurudisha mlango kwa jasho la uongo na kudai malipo ya daktari wa upasuaji.

Siku moja aliingia mpiga picha wa harusi, ambaye mtaa mzima humwita Mama Flashi, na diski aliyoiviringisha kitambaani kama kichanga.

"Fundi mwanangu, inasuasua. Ndani mna picha za harusi ya juzi, na wenyewe wanazitaka leo. Zikipotea wataichukua kamera yangu, na sina kazi nyingine."

Dokta alisikia "zikipotea" tu. Alikuwa ameitamani sana ile mashine ya Mama Flashi ya kutolea picha kwenye karatasi, au kama tusemavyo, ya kusafishia picha.

"Sogea dirishani, mama. Mionzi ya skrini inaua macho."

Mama akasogea. Vidole vikacheza, chumba kikatoweka.

"Mungu wangu! Mama, kwanza kaa chini."

"Kuna nini?"

"Patisheni imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Ndiyo hivyo. Imekwenda."

Mama Flashi alipiga yowe mpaka muuza viatu wa jirani akachungulia. Dokta akawasha programu, mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Haukuwa na haja ya kutambaa, lakini nani humlipa fundi asiyehema?

"Nitazirudisha," akasema hatimaye. "Ila utaniachia ile mashine yako ya kusafishia."

"Chukua! Lakini una hakika zimo?"

"Nimeziona kwa macho yangu mawili! Bibi harusi kacheka hivi." Akatoa meno yote nje.

Mama Flashi akapiga simu na kuiweka spika. "Hebu rudia, mwanangu. Huyu ni shangazi wa bibi harusi."

"Nimeziona zote, shangazi! Keki, maua, na wewe mwenyewe ulivyopendeza."

"Kweli? Nilivaa nini?"

"Shangazi, maneno sina."

"Nakuja sasa hivi."

Akaja kweli, na bibi harusi, na bwana harusi, na mjomba mmoja mwenye mikono ya kubebea magunia. Dokta akaurudisha mlango kwa madaha, akafungua folda iliyoandikwa "Harusi".

Tupu.

Akaifunga, akaifungua tena. Tupu vilevile. Jasho likamtoka, na safari hii lilikuwa la kweli. Akaiamrisha programu itafute kila kona. Masikini, maishani mwake hakuwahi kutafuta kitu kwa dhati. Programu, ambayo haikufundishwa kudanganya, ikajibu kwamba humo hamjawahi kuwekwa picha yoyote. Lakini angelisemaje hilo, mtu aliyeziona kwa macho mawili?

"Fundi," Mama Flashi akauliza kwa sauti ya msiba, "umezifanyaje picha zangu?"

"Nili... nilizisafisha kidogo, zilikuwa na virusi..."

"Umeshazisafisha?" shangazi akachangamka. "Lete basi tuzione!"

"Siyo kusafisha huko, shangazi."

"Kuna kusafisha kupi kwingine?"

"Kwa... kuondoa."

Mjomba akavua saa yake taratibu, akampa bwana harusi amshikie.

Hukumu ilitoka palepale: harusi irudiwe ili ipigwe picha upya, gharama zote juu ya Dokta. Kompyuta yake kubwa, roho yake, ikauzwa, ikageuka gauni, maua na keki. Mama Flashi alibaki na mashine yake, na kamera yake.

Siku ya kupiga picha, Dokta alisimamishwa juani kumshikia Mama Flashi mwavuli. Mama akamwinamia sikioni.

"Siku ya harusi nilisahau kadi ya kamera nyumbani, mwanangu. Nilipiga kutwa nzima, mwanga mtupu. Nikaulizia fundi anayepoteza vitu vya watu, mtaa mzima ukanielekeza kwako."

Dokta akafungua mdomo. Akamwona mjomba. Akaufunga.

"Haya jamani, kimya!" Mama Flashi akapaza sauti. "Tunataka ziwe kama zile zile, na aliyeziona ni mmoja tu. Fundi, bibi harusi alicheka vipi?"

Watu wote wakamgeukia. Dokta akatoa meno yote nje.