Ulimi wa Simba Wangu

Jumamosi, 16 Mei 1953. Kisarawe.
Simba wangu ameota kinundu! Nilichorwa ngozini huko Kalkuta wakati wa vita, kwa sindano, mkono wa kushoto. Mwili wino mweusi, ulimi mwekundu. Miaka minane ametulia. Leo ulimini pana kitu kama choroko. Na tarehe 2 Juni ni gwaride la kutawazwa kwa Malkia. Mimi Mwinyimadi ndiye nitakayetangulia askari wa zamani, mkono wazi! Nimeshamwambia Mwanne. Mjane yule hajanikubali, lakini hajamwona simba juani. Kinundu lazima kitoke.

Jumatatu, 18 Mei.
Nimekifunga uzi wa katani, nikakaza. Damu! Mwanne kaniuliza koti la nini juani, tena na saumu. Nikasema ndiyo desturi ya sisi tuliofika Burma.

Jumatano, 20 Mei.
Zahanati. Dresa, mtibu vidonda, ni Nikolaus, Mnyamwezi, mtani wetu Wazaramo. Katazama muda mrefu. Kasema ni ule wino mwekundu, ngozi iliyochorwa huweza kuota vitu. Huenda si kitu, huenda ni kansa. Kikatwe, kikapimwe Dar es Salaam. Nimecheka hadi machozi! Nikamwambia aanze kukata ulimi wake. Akasema leo hatanii. Ndivyo wasemavyo watani! Mtu huyu, kwenye msiba wa baba, alijilaza ndani ya jeneza akagoma kutoka mpaka nikampa jogoo wangu. Atanidanganya mimi?

Jumatatu, 25 Mei.
Kimekuwa kama harage. Akili imenijia: nimekipaka rangi nyekundu ya milango. Simba anakula nyama! Nikamwonyesha Mwanne. Akasema nyama hiyo inatoa usaha. Hajui sanaa.

Jumamosi, 30 Mei.
Mwanne kaenda kwa Nikolaus bila kuniuliza. Asubuhi Nikolaus kapiga hodi, jogoo kwapani. Yule yule wa msibani. Kanirudishia! Kasema utani ameuweka kando hadi mkono wangu upone. Tangu nizaliwe sijaona mtani akirudisha kitu. Zahanati nilifika kabla yake. Kakata pakubwa, simba kapoteza mdomo mzima. Nililia, wala si kwa maumivu. Niliogopa kufa, naandika wazi.

Jumanne, 2 Juni.
Gwaride kalitangulia Zahoro. Mpishi wa jeshi! Mimi nyuma kabisa, bendeji hadi begani. Mwanne alitembea ubavuni mwangu njia nzima, kanibebea koti. Bila hata kumwona simba. Ajabu.

Jumamosi, 27 Juni.
Majibu yamefika. Ilikuwa kansa, ingali changa, imetoka yote. Alhamdulillahi! Mwanne amekubali, ndoa mwezi ujao. Nikolaus kaja kumchukua jogoo wake, kaongeza na matetea wangu wawili. Kanikataza wino maisha yangu yote, tena niukague mkono kila mwezi. Lakini alikuwa anacheka, kuku kwapani. Mtani akicheka hivyo, nani amsadiki?
Simba bila mdomo hawezi kuingia harusini. Nasikia Kwala kuna fundi mwenye sindano ya wino. Kesho naondoka na lori la kwanza. Arudishe ulimi, mwekundu kama zamani. Na safari hii manyoya ya shingoni pia.