Kuhusu Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani wa Landrova Yako

Kwa Mheshimiwa Meja,
Kambini, Kampala.

Afande,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na landrova yako. Mimi ni Aloyo, mwanafunzi wa darasa la saba, binti wa Saverio Olanya, fundi wa karakana ya magari, ambaye askari wako walimchukua nyumbani kwetu Kamwokya siku ya Jumatatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Bibi Kaltumi, ametufundisha kwamba mwenye malalamiko ayapange kwa namba ili mkubwa asichoke kusoma. Yangu ni haya.

1. Landrova yako imezeeka. Ilikuwa ya Mhindi mwenye duka aliyeondoka nchini mwaka ule walipoondoka wengi, na kabla yake ilibeba pamba. Saa yake ya maili imefika mwisho ikaanza upya, kwa hiyo inajiona mtoto. Baba hangoji gari la namna hiyo liharibike. Hubadilisha oili kabla haijawa tope, hupaka grisi, huukagua mpira wa rejeta kwa vidole. Siku ya matengenezo ikifika, hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani, maana yake gari lisiwashwe mpaka alishughulikie. Pale karakana kila mtu anajua.

2. Askari wako hawakujua. Walisema kitambaa ni ishara kwa maadui, wakakikata, wakaondoka na gari. Mpira wa rejeta ukapasuka njiani Kasubi, kama Baba alivyokuwa amewaonya. Ndipo wakaja kwetu. "Olanya, ulijuaje?" Baba akajibu, "Afande, mpira umechoka. Ukiubonyeza unalia." Mmoja akacheka: "Basi na wewe tutakubonyeza, tusikie." Mama alikuwa amesimama mlangoni.

3. Ikiwa kujua kabla ni kosa, naona si haki Baba awe peke yake. Mtu wa redio alisema mvua itanyesha, ikanyesha. Mkunga alimwambia Mama kwamba mtoto atakuja kabla ya Krismasi, na tumbo limeshaanza kushuka. Mwalimu wa hesabu alisema nitashindwa mtihani, nikashindwa. Siwataji majina kwa sababu nawapenda, hata huyo wa hesabu.

4. Aliyemwambia Baba ni landrova yenyewe. Wiki nzima ilitoa mvuke mbele za watu, bila aibu. Kwa hiyo ni mshirika wake, na mshirika naye hukamatwa. Naomba ifungwe pamoja na Baba, mahali pamoja, na kisanduku chake cha spana kiwekwe hapo kama kielelezo.

5. Hilo likishindikana, naomba Baba ahukumiwe kazi ngumu: alale chini ya gari lako kila Jumamosi, maisha yake yote, na jioni arudishwe nyumbani ili aonekane akiadhibika mbele ya watoto wake. Tutamtazama kwa ukali.

Kila jioni namwekea Baba sahani yake. Sisemi najua atarudi. Natumaini tu, na kutumaini nadhani bado kunaruhusiwa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, dereva wako Kamis, na askari wote, pamoja na yule aliyeondoka na jogoo wetu, nadhani ili jogoo akatoe ushahidi.

Ni mimi, binti yako mtiifu, niliyeandika kwa mwandiko wangu bora,

Aloyo

Nyongeza: Kabla sijapata bahasha, Baba ameletwa nyumbani, kwa landrova yako hiyohiyo. Ilizimika kambini na hakupatikana mwingine wa kuiwasha. Asante sana, Afande. Amekula. Lakini ilipokuwa ikifika niliisikia: breki zinasaga chuma kwa chuma. Nilimtazama Baba, nikaona naye amesikia. Kamis akauliza dirishani, "Mzee wangu, gari vipi?" Baba akasema, "Ni zima kabisa, mwanangu. Halina neno." Alinishika mkono, akanibana, mpaka gari likaondoka. Kwa hiyo naifuta barua hii, namba ya kwanza hadi ya tano. Gari lako halina neno, na kwetu hakuna mtu anayejua jambo lolote kabla halijatokea. Ila ule mteremko wa Nakasero, Afande, tafadhali uushuke kwa miguu, na Kamis umshike mkono.