Suruali ya Kwendea Chuo Kikuu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata nafasi mbili! Moja chuo cha hapa mjini kwetu, ambacho kengele yake naisikia nikiwa kitandani. Nyingine chuo kikuu, jiji kubwa, safari ya siku nzima. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa. Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba jiji linaniita.

Ukweli nauandika hapa tu. Nataka Mama aseme, "Usiende." Mara moja tu! Nimkatalie kwa upole, yeye alie kidogo, mimi niende zangu kwa heshima. Bila hivyo nitaondoka kama mtu aliyeingia dukani kuulizia bei.

Mama ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo duka lake. Leo kamkabidhi jirani gauni lisilo na kifungo cha mwisho. Makusudi! Mteja anayempenda yeye humwachia kitu ambacho hakijaisha, ili arudi wapige soga. Nimemwambia hiyo si biashara. Akacheka.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Wakati wa chakula nikatangaza, kwa sauti ya mtu anayekwenda vitani, kwamba nimeamua: jiji. Nikasubiri kijiko cha Mama kianguke.

Hakikuanguka. Mjomba, kaka yake Mama, alipiga meza akasema hatimaye ukoo umepata kichwa. Mama akaniambia nisimame wima anipime suruali nyeusi ya kwendea. Akanipima kiuno, akanipima tena, akasema nimekonda. Basi! Ananukia chaki na mafuta ya cherehani, kama siku zote, na nikatamani asimalize kupima. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa pili, wa kijanja zaidi. Nikajitia nimebadili nia: nabaki, nasoma hapa hapa. Nilijua atashtuka, anibembeleze, na katika kubembelezana lazima machozi yatoke.

Cherehani ikanyamaza. Mama akauliza, kweli, baba? Kisha akageuka ukutani, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa. Masikini, nimemwaibisha! Mwanamke kajisifu mtaa mzima, halafu mwanawe anaogopa jiji! Nikawahi kumwambia ni utani tu, naenda, asiwe na wasiwasi. Akasema haya. Akakanyaga cherehani, sindano ikavunjika papo hapo.

Vifaa vya siku hizi!

Alhamisi, 7 Agosti

Adui ametokea. Kijana anayeanza chuo cha hapa, mpole kupita kiasi, kaja kuulizia chumba changu akipange nikiondoka. Alimsifia Mama mishono yake. Alimbebea ndoo ya maji bila kuombwa! Kisha akajilaza kitandani kwangu kuona kama miguu yake inaenea. Inaenea.

Nikamvuta pembeni nikamnong'oneza kuhusu kunguni. Tena kunguni wa kurithi, hawasikii dawa. Kumbe Mama yuko mlangoni. Nikatamani ardhi inimeze. Lakini hakunigombeza. Alimwambia kijana amsamehe, chumba hakipangishwi, kina mwenyewe.

Pesa ya bure hiyo, kaiacha iende! Mama hana kichwa cha biashara, nimesema siku zote. Lakini nilifurahi mpaka nikafagia uani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilichelewesha makusudi, nikimpa Mama nafasi. Nilizunguka cherehani. Nilihema kwa nguvu. Nilisimama dirishani nikatazama chuo cha hapa kwa macho ya huzuni. Mama akaniuliza kama nina mafua.

Nikabonyeza simu: jiji. Nilitaka vidole vikatae, havikukataa. Mjomba alinikumbatia. Mama alisema Mungu akutangulie, akarudi kwenye ile suruali, ambayo alikuwa akiishona na kuifumua tangu juzi. Kwa mwendo ule sijui wateja wanamvumilia vipi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kituoni Mama alininyoosha kola. Akaninyoosha tena. Aliniwekea suruali juu kabisa ya begi na kuniambia nikiiona ina kasoro nisihangaike, nimletee tu. Nikasema sawa. Gari likawaka. Nilimtazama mdomo muda wote, labda neno litatoka. Alikuwa ameubana kama anapobania pini akishona.

Hakusema! Nimelia mpaka abiria wa jirani akanipa karanga.

Jumatatu, 11 Agosti

Jiji. Bweni. Dirisha langu linatazama ukuta. Nimeamka nikasubiri kengele, nikakumbuka hapa haipo. Namkumbuka Mama vibaya mno, na sauti ya cherehani yake.

Nimetoa suruali nivae siku ya kwanza. Mguu wa kulia umepindwa, safi kabisa. Wa kushoto haukupindwa! Pindo limeshikizwa kwa pini tu. Fundi wa miaka yote ile, gauni la jirani anakumbuka limebaki kifungo, suruali ya mwanawe anasahau mguu mzima! Nilikaa nayo mapajani. Bado inanukia chaki. Niliikumbatia kidogo, kwa sababu chumba kina baridi.

Bahati nzuri chini ya bweni kuna fundi. Kaipinda nikisubiri. Sasa haina haja ya kurudi nyumbani.

Na nina mpango mpya. Kesho nampigia Mama, nimwambie nimeshazoea, hata nyumbani sipakumbuki. Safari hii lazima aseme.