Kazi Yangu Ilikuwa Kukasirika

Hapana, Shimuli, sikuenda pale chuo kutafuta fujo. Niliitwa. Nilipewa hadi soda. Wacha kunianika kwa hii grupu kabla hujasikia vile nimeaibika leo.

Iko hivi. Wanafunzi wa uuguzi wako na mtihani wa vitendo. Kila mmoja anaingia kwa chumba, anapata mtu anajifanya mgonjwa ama jamaa ya mgonjwa, na mwalimu amekaa kando na kalamu. Kwa mlango wamebandika kile mwanafunzi anafaa kuweza: "Ataweza kumtuliza jamaa wa mgonjwa mwenye hasira." Wakatafuta mtu wa kukasirika. Kakamega mzima, wakanipata mimi. (Sijui nani alitaja jina yangu. Nitamjua.)

Mimi kazi siharibu. Sijasomea kuigiza, lakini hata kutengeneza simu sikusomea na bado mnaniletea. Nikajifunza kwa video wiki mzima. Leo nikatoka Amalemba bila chai, kusudi hasira ije yenyewe.

Wa kwanza akaingia. "Habari yako, ndugu?"

"Habari gani na mama yangu amekaa kwa benchi tangu asubuhi?" Nikapiga meza. Msichana akasahau jina lake. Wa pili akaniomba msamaha hadi kengele ikalia. Mwalimu akaniangalia kama mtu ameokota dhahabu. "Kijana, wewe uko na kipawa." Nikavimba.

Halafu akaingia Ayuma.

Ayuma ni mtoto wa senje, dada ya baba. Tumelelewa pamoja kwa kukhu, nyanya yetu, huko Shinyalu, sahani moja. Hii mtihani ameanguka mara moja. Akianguka tena, wenzake wanaenda wodi, yeye anabaki. Hakujua niko hapo. (Mimi pia sikuwa nimeuliza nani anakuja. Akili mingi.)

"Habari yako, ndugu?" akasema, macho yamemtoka.

"Mzuri sana, dada. Pole na kazi."

Mwalimu akakohoa. "Bwana, mama yako ameachwa kwa benchi."

"Ni sawa tu. Hawa wauguzi wanachokanga sana. Mama ni mvumilivu."

Ayuma akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikadhani ananishukuru.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Sasa huyu nimpe alama ya nini? Hakuna hasira hapa ya kutulizwa. Itabidi arudie."

Arudie? Nikasimama, kiti kikaanguka. Nikamwambia huyu msichana alikuwa anaosha kukhu vidonda kabla hajaona hata geti ya chuo, sasa wewe unamnyima alama juu ya mdomo yangu? Nikamwambia na mengine siwezi andika hapa, mchungaji yuko kwa hii grupu. Wanafunzi wakajaa dirishani. Mlinzi akakuja.

Ayuma hakupandisha sauti. Akaokota kiti. Akanishika mkono vile kukhu anashikanga. "Keti. Leo umekula?"

Nikaketi, nikaangalia viatu.

"Nakuuliza. Umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Jana." Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Na machozi, manze. Mimi. Mbele ya mlinzi. Akanipangusa na mkono wa yunifomu, akasema Jumapili kukhu anapika ingokho, ile kuku ya kienyeji, na nikitulia atamwomba anipee imondo, hiyo firigisi ya mzee wa nyumba. (Hiyo haipewangwi mtu ovyo.) Nikatulia. Nani hangetulia?

Nikasikia kalamu. Mwalimu anaandika, mabega yanatetemeka na kicheko. "Jamaa ametulizwa," akasema. "Amepita." Kisha akanigeukia. "Na wewe, muhula ujao utarudi?"

Ayuma amepita, na hiyo ndio nilikuwa nataka. Lakini kuna mtu alichukua video. Kutoka pale geti hadi hapa kwa stendi, watu watatu wa boda wameniuliza kama nimekula. Mmoja alikuwa na mandazi.

Sasa wewe Shimuli unaandika hapa eti mimi niko na hasira ya bure. Hasira gani? Uko wapi saa hii, nikuje unionyeshe?