Programu Kipenzi Chini ya Pazia la Kijani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru lakini kiti chake mnakiona. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa yuko njiani tangu asubuhi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Folda Kubwa. Ndugu Katibu wa Kamati ya Folda Ndogo. Ndugu Mjumbe, tena mjumbe pekee, wa Kamati ya Folda Zisizo na Jina. Mke wangu mpenzi, Mlezi wa Mapokezi. Shemeji yangu wa duka la runinga, Mdau Mkuu wa Teknolojia. Wafanyakazi wenzangu wa Ofisi ya Vyeti, mliopo na mliosaini kwamba mpo. Ndugu wananchi mliokuja kwa kualikwa, na nyinyi wengine, ambao ndio wengi, mliokuja kutafuta vyeti vyenu mkaelekezwa kwenye viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya kwanza, walikokaa wafanyakazi.)

Leo ni siku kubwa. Nimesimama mbele yenu, mimi Mkurugenzi wenu, mtu ninayejulikana kwa unyenyekevu ambao, bila kujisifu, haujapata mpinzani katika ofisi hii, ili kuzindua rasmi matunda ya Mradi Shirikishi wa Uteuzi wa Programu Kipenzi ya Kupangia Mafaili kwenye Kompyuta ya Mezani, ambao kwa kifupi tunauita Mradi Shirikishi wa Uteuzi wa Programu Kipenzi ya Kupangia Mafaili. Kompyuta yenyewe ni hiyo hapo mezani, imefunikwa pazia la kijani. Naomba mtu yeyote asiisogelee. Iko kwenye hali ya utulivu. (Watu wa nyuma wanasimama ili waone pazia.)

(Mama mmoja, fundi cherehani, tepu ya kupimia ingali shingoni, ananyoosha mkono: "Samahani, Mkurugenzi. Huyu hapa ni binti yangu. Amepata nafasi chuo cha uuguzi, anatakiwa apeleke cheti chake cha kuzaliwa leo, kabla geti halijafungwa saa tisa. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Cheti nilikiacha hapa mkigonge muhuri, kikawekwa kwenye kabati, na sasa hata kabati silioni.")

Mama yangu, nakushukuru kwa swali zuri. Swali lako limo ndani ya hotuba, kwenye kipengele cha Utafutaji. Kaa, tunakuja huko. Binti, hongera sana. (Mama anakaa nusu kiti.)

Sasa, kwa kuwa nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi, siwezi kuzindua kitu bila kukieleza, na nikieleza huwa sina haraka, kwa sababu haraka ndiyo iliyowafanya wenzetu wa ofisi jirani wawe na mtandao wakati hawajaunda hata kamati moja. Tuanze polepole. Kompyuta ni nyumba. Folda ni vyumba. Mafaili ni watu wanaoishi humo. Je, programu ya kupangia mafaili ni nini? Ni shangazi. Ni yule shangazi anayejua nani amelala chumba gani, nani amehamishiwa sebuleni kwa sababu ya wageni, nani ana jina moja na nani, na nani akiwekwa chumba kimoja na nani patachimbika. Ukimuuliza fulani yuko wapi, shangazi hainuki. Ananyoosha kidole tu. Sasa kama ofisi nzima itaishi na shangazi mmoja, ndugu zangu, si lazima wote wampende? Ndiyo maana menejimenti ikasema: tusinunue, tusipakue, tusiguse chochote, mpaka kwanza tumempata kipenzi. (Mzee mmoja: "Hapo umesema!" Mwenzake: "Kasema nini? Ampe mama wa watu cheti chake.")

Mchakato haukuwa lelemama. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafanya upembuzi wa upembuzi, tukaenda warsha, tukarudi warsha, na programu zote tulizilinganisha moja baada ya nyingine kwa kutumia picha za rangi kutoka katika jarida lililopatikana kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wangu wa meno. Mhasibu wetu, mtu wa nidhamu, aliipenda ile yenye madirisha mawili yaliyokaa bega kwa bega. Alisema, "Kushoto natoa, kulia naweka, sitaki kuzungushwa." Msajili akakataa katakata, yeye alitaka dirisha moja lenye matawi pembeni, aone folda mama, folda mtoto na folda mjukuu, kwa maelezo kwamba hawezi kufanya kazi na mtoto asiyemjua mama yake. Dada wa mapokezi akasema hayo yote hayamhusu, yeye anataka picha kubwa kubwa, na maandishi madogo kama siafu tujisomee wenyewe.

Halafu likaja suala la mbofyo, na hapo ndipo moto ulipowaka. Dereva wa ofisi, aliyeingizwa kwenye kamati ili akidi itimie, alisimama akasema, "Bosi, faili ukilibofya mara moja lifunguke. Mara ya pili ya nini? Kwani mlango wa gari naufungua mara mbili?" Mhasibu akamjibu, "Wewe ndiyo maana unakwaruza gari. Mtu makini hubofya, akafikiri, akabofya tena." Basi. Tangu siku ile ofisi ikapasuka pande mbili, Mara Moja na Mara Mbili. Wakawa hawapeani salamu, hawachangii birika la chai, na Msajili, ambaye ni wa Mara Mbili, akagoma kugonga mihuri kwa ajili ya karani wake, ambaye ni wa Mara Moja, mpaka aombwe kila kitu mara ya pili. (Dereva, kutoka mlangoni: "Mara moja inatosha!" Kicheko. Mhasibu anageuka: "Hebu rudia." Kicheko kikubwa zaidi.)

Mnawasikia? Bado vidonda vibichi. Lakini niliwasuluhisha. Niliamua, kwa busara yangu, kwamba wajumbe wote watabofya mara moja na nusu. Na mafaili yaliyofichwa je, yaonekane au yasionekane? Wapo waliotaka yaonekane. Niliwaambia, jamani, faili likijificha lina sababu zake. Kiongozi mwenye staha hachungulii, na ofisi yenye staha haimchungulii kiongozi. Likapita kwa sauti moja, nayo ilikuwa yangu. Hata kwenye majina ya mafaili tulifanya mageuzi. Zamani mtu aliliita faili lake "mpya", kesho "mpya kabisa", kesho kutwa "ya mwisho", halafu "ya mwisho kweli", halafu "hii ndiyo". Nikapiga marufuku. Sasa kila faili litaitwa "hii ndiyo", tangu mwanzo, ili tusipoteze muda. (Dada wa mapokezi anajifunika uso kwa kitambaa.)

Mafunzo nayo yalifanyika. Wafanyakazi wote wamehitimu kubofya, kuburuta na kudondosha, mazoezi yakifanyika juu ya meza kwa kipande cha sabuni ya kufulia, ambayo inateleza vizuri na haihitaji umeme. Tathmini inaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya waliohojiwa waliridhika, na asilimia kumi na moja waliridhika sana, ukijumlisha unavuka mia, kiwango ambacho ofisi jirani, pamoja na mtandao wao, hawajakiota. (Makofi ya safu ya kwanza. Sauti kutoka nyuma: "Sabuni?")

(Fundi cherehani anasimama tena: "Mkurugenzi, saa nane imeshapita. Utafutaji bado?")

Ndiyo hapo nimefika, mama yangu, umeniwahi kwa sentensi moja. Utafutaji! Ndugu wananchi, tulikotoka, mtu akitaka cheti, karani alifungua kabati la chuma, akavuta droo, akapekua, akakupa. Aibu tupu. Ilikuwa inachukua dakika chache, na hakukuwa na mkakati wowote. Kwa hiyo tuliyaondoa makabati yote mapema, kwa sababu programu kipenzi haifanyi kazi vizuri ikiwa na mpinzani chumbani; yako kwenye kituo chetu cha majaribio ya ufugaji, yaani nyuma ya nyumba yangu, na kuku wanayasifu. Badala yake, sasa unaandika jina la mtu kwenye kijisanduku kidogo pembeni juu, unasubiri kidogo, na faili lake linajileta lenyewe.

(Mama: "Haya, andika. Jina lake nakutajia.")

Mama, twende taratibu. Leo tunazindua. Kuzindua na kutumia ni vitu viwili, kila kimoja na bajeti yake na chakula chake cha mchana. Kutumia ni awamu nyingine.

(Binti, kwa sauti ya chini: "Mama, twende tu. Nitaomba tena mwakani." Mama: "Mwakani ya nani? Usiku wote nimeshona sare yako, nani ataivaa? Kaa hapo." Minong'ono. Mzee wa mwanzo: "Hata mimi mwenzenu natafuta cheti cha ndoa. Mke wangu ameanza kuniuliza maswali." Kicheko.)

Utulivu, tafadhali, utulivu! Nawaelewa. Kiongozi ni mzazi, na mzazi akiona watoto wanachoka huwaimbisha. Nikisema "Folda!" mjibu "Safi!" Folda! (Safu ya kwanza: "Safi!") Nikisema "Faili!" mjibu "Mahali pake!" Faili! (Safu ya kwanza: "Mahali pake!" Mama: "Wapi?") Mbofyo! (Nusu: "Mara moja!" Nusu: "Mara mbili!" Mhasibu na dereva wanatazamana.) Tutalifanyia kazi hilo.

Nimalizie kwa shukrani, maana mradi wa ukubwa huu hausimami kwa mtu mmoja, ingawa katika huu nilikaribia. Nawashukuru wajumbe wa kamati zote kwa kuchagua, baada ya kura za marudio, programu ambayo picha yake ilikuwa na rangi ya bluu, na ambayo jina lake tutalijua tukipata ule ukurasa wa jarida uliochanika. Namshukuru mke wangu kwa kutoa pazia la sebuleni, ndiyo maana tangu jana majirani wanatuona tukila. Namshukuru fundi umeme kwa waya huu mweusi mnaouona ukiingia chini ya pazia, aliouchagua kwa ustadi kwa kuwa hautoki popote. Kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu, Mdau Mkuu wa Teknolojia, kwa kutuazima katoni hii ya runinga, ambayo leo, kwa heshima kubwa, imeiwakilisha kompyuta hapo mezani, kama vile mimi ninavyomwakilisha Mgeni Rasmi. Na mwisho kabisa nisimsahau mlinzi wetu, ambaye asubuhi, alipoona upepo wa dirishani unaisukuma katoni kwa kuwa ni tupu, alitumia akili, akaishindilia kwa yale makaratasi yaliyobaki sakafuni siku makabati yalipoondoka.

(Mama anainuka: "Makaratasi gani?")

Ya vyeti, mama, ya vyeti tu, wala usiwe na wasi... Mama. Mama! Nimesema asiisogelee mtu! Pazia hilo linafunuliwa na Mgeni Rasmi! Mlinzi! Mlinzi, mbona unamshikia katoni? (Pazia linaanguka. Katoni ni ya runinga, ina picha ya familia inayotabasamu. Mama amezamisha mikono mpaka mabegani. Karatasi zinatoka kwa mafungu. Binti amepiga magoti sakafuni, anasoma majina.)

Ndugu wananchi, kaeni. Hili halimo kwenye ratiba. Shemeji, sema neno. (Shemeji: "Msiichane tu, jamani, runinga yenyewe nimeiacha juani.")

(Binti: "Mama! Mama, hiki! Jina langu hili hapa!" Mama: "Muhuri upo?" Binti: "Upo! Imegongwa mihuri miwili." Mama: "Basi kimbia." Dereva, kutoka mlangoni: "Binti, huku, gari hili hapa! Mama, ingia na wewe, saa tisa kasorobo!")

Dereva! Gari hilo ni la itifaki! Dereva, nakuita! (Sauti ya gari likiwashwa.) Nakuita mara ya pili! (Mhasibu, kwa upole: "Yeye ni wa mara moja, bosi." Gari linaondoka. Watu wote wamesimama; nusu wanashangilia dirishani, nusu wameizunguka katoni. Mzee wa mwanzo anainua karatasi juu: "Nimeoa! Nimeoa kweli!")

Naam. Naam, ndugu wananchi. Mwandishi wa kumbukumbu, rudi kwenye kiti, uandike hili neno kwa neno. Mmeshuhudia kwa macho yenu wenyewe. Mwananchi ametaja jina, akasubiri kidogo, na faili limejileta. Hakuna mbofyo hata mmoja uliohitajika, kwa hiyo hata mgogoro wa mara moja na mara mbili nautangaza umekwisha. Kwa kuwa programu yetu kipenzi imefanya kazi kwa ufanisi wa namna hii bila kompyuta, ofisi yangu, kwa kujali tija, haioni tena sababu ya kununua kompyuta. Fedha hizo tutazielekeza kwenye awamu ya pili, yaani kuchagua katoni kipenzi, na fomu za kujiunga na kamati zinapatikana kwangu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Hakuna anayepiga makofi. Mikono yote imo ndani ya katoni.)